Anayekuja Kwanza Si Yeye

Mtu akinisimulia mwisho wa kipindi ambacho sijakitazama, tunakosana. Sisemi tunanuniana, nasema tunakosana kabisa. Nina binamu huko Machakos ambaye mpaka leo salamu zake nazijibu kwa mkato kwa sababu ya kosa hilo hilo. Basi Mungu naye ana utani wake. Alinileta Doha, akanipa kitanda kinachotazamana na cha Shiru.

Shiru ni mwanamke wa Nyahururu, mrefu, mwepesi wa kucheka, na hawezi kutazama kitu chochote kabla ya kujua kinaishaje. Tunafanya kazi hoteli moja kule West Bay, kwenye vyumba vya wageni: kutandika, kusugua, kubadilisha mashuka na taulo. Tunalala mtaa wa Najma, juu ya duka la fundi wa nguo, chumba kimoja na Hadijah wa Uganda, ambaye usingizi wake haujawahi kusumbuliwa na mtu. Kabla filamu haijaanza, Shiru anauliza swali lake moja.

"Steringi anakufa?"

Kwa yeyote ambaye hakulelewa karibu na vibanda vya video vya kwetu, steringi ndiye mhusika mkuu. Neno tulilitoa kwenye maandishi ya Kiingereza yanayopita mwanzo wa filamu, tukalifanya cheo. Na sheria ya utotoni ilikuwa moja tu: steringi hafi. Akipigwa risasi begani anafunga kitambaa na safari inaendelea. Ila siku hizi waandishi wa filamu wamekuwa wakatili, wanaua steringi hivi hivi tu, na ndiyo maana Shiru lazima aulize. Akiambiwa hafi, anapandisha miguu kitandani na kustarehe. Asipoambiwa, muziki ukibadilika kidogo tu anakimbilia jikoni, kisha anachungulia mlangoni akiuliza kumetokea nini.

"Sasa ukishajua mwisho, unatazama nini?" nilimwuliza siku moja.

"Natazama vile wanafika huko," akasema. "Ukiwa na roho juu juu huoni kitu, Mumbua. Unangoja tu kuona kama atakufa."

Nikamwambia huo ni uoga. Aliendelea kumenya kitunguu.

Shiru ana binti mmoja, Tiffany, aliyemwacha kwa dada yake Ann mtoto akiwa darasa la pili. Sasa Tiffany ana miaka kumi na mitatu, na mwenye mtoto wa umri huo anajua mazungumzo yake. Umekula? Nimekula. Shule? Iko sawa. Basi usiku mwema. Shiru alikuwa anapiga simu akiwa amejipanga kama anayeenda kwa usaili, na bado maneno yalimwishia kabla chai haijapoa. Alikuwa akikata simu anakaa akiishika mkononi. Nilikuwa najifanya natafuta soksi.

Halafu kituo kimoja cha televisheni huko Kenya kikaanza kuonyesha tamthilia ya Kifilipino iliyotiwa sauti za Kiswahili, *Lango la Corazon*. Ni kisa cha mama anayeondoka kisiwani kwao kwenda kufanya kazi ya melini. Meli inazama, yeye hajulikani alipo, na binti yake Mayumi anabaki kwa shangazi, na kila Jumapili anasimama langoni kumngojea. Nakiri ni kitu kizuri. Nilikuwa nakitazama kwa mtandao Ijumaa nikirudi kanisani, maana huku ibada ni Ijumaa, wiki nzima kwa mkupuo mmoja, na chai yangu ya karaki, ile nzito ya maziwa na iliki, pembeni.

Siku moja Tiffany alimtumia mamake sauti kwa WhatsApp. Si "nimekula". Ilikuwa sauti ndefu, mtoto anahema kama aliyekuwa akikimbia.

"Mum, wueh! Leo ulikosa! Mayumi amepata kiatu cha mamake ufuoni, na ile shangazi mbaya imekificha kwa gunia la mchele, na aki Mum, ile sura yake! Tata Ann alitaka kurushia TV slipa!"

Tata ni shangazi kwa Kikuyu, yaani Ann. Shiru aliisikiliza akiwa amesimama jikoni asubuhi, kijiko mkononi, akairudia mara ya pili. Kisha akabonyeza na kujibu, "Ehe? Na sasa steringi amefika wapi?"

Kuanzia hapo ikawa desturi. Kipindi kinaonyeshwa jioni sisi tukiwa bado kazini, Tiffany anatuma sauti, na Shiru anaiweka mpaka asubuhi aifungue na chai. Tatizo ni kwamba aliifungua kwa sauti ya juu, kwa kuwa spika ya sikioni ya simu yake ilikufa kitambo. Yote niliyokuwa nikijiwekea ya Ijumaa, nilimwagiwa kuanzia Jumatatu. Niliimba nyimbo za kanisani kwa nguvu. Nilivaa visikizi. Nilifungua bomba la maji mpaka Hadijah akaamka, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea. Mwishowe nikamjia juu.

"Kwa nini usitazame mwenyewe kama watu wengine? Iko kwa mtandao! Ijumaa tukae hapa sote, utazame, umwambie mtoto umeona!"

Shiru alinitazama kana kwamba nimemwomba auze figo.

"Nikitazama," akasema, "atanisimulia nini?"

Nilinunua visikizi vikubwa zaidi.

Basi mambo yalikuwa hivyo mpaka asubuhi moja sauti ya Tiffany ilipokuja fupi. Alisimulia kidogo tu, kisha akauliza, "Mum, unadhani Corazon atarudi? Tata Ann anasema wa hivyo huwa hawarudi." Shiru aliacha kukoroga. Nilikuwa nimevaa visikizi lakini sikuwa nimewasha kitu, kwa hiyo nilisikia vizuri.

Lazima niseme kuhusu Disemba. Shiru alikwenda nyumbani mara moja tu tangu aje. Baada ya hapo alimwahidi mtoto kuja Krismasi, na hoteli ikajaa, likizo ikakataliwa. Mwaka uliofuata akaahidi tena, na ikakataliwa tena. Mara zote mbili mtoto alikuwa amemwokea keki. Tangu hapo Tiffany hakuuliza tena "unakuja lini", na Shiru hakutamka tena jina la mwezi wowote. Sasa mtoto alikuwa akiuliza habari za Corazon, na hata mimi mwenye kichwa kigumu nilielewa anauliza habari za nani.

Siku hiyo hiyo Shiru alimtafuta Maricel. Maricel ni Mfilipino wa chumba cha mashuka, mkubwa wetu kwa umri, tunamwita Ate, yaani dada mkubwa kwa lugha yao. Nyumbani Kenya nchi nzima ilikuwa imeshika pumzi ikingoja kujua yatakayompata Corazon, na hapa Doha, nyuma ya mlima wa foronya, kuna mtu aliyeimaliza tamthilia hiyo miaka mingi iliyopita kwa lugha yake.

"Ate, steringi anakufa?" Shiru akauliza. Kwa Kiingereza alisema vingine, lakini swali ni lile lile.

Nilitia vidole masikioni. Havikusaidia. Maricel ana sauti ya kuita teksi.

"Hafi! Anarudi!" akasema, huku akikunja foronya. "Lakini anayekuja kwanza si yeye. Ni pacha wake! Anataka shamba. Corazon mwenyewe anakuja baadaye kabisa."

Sikumsemesha Shiru kwenye lifti. Sikumsemesha kwenye basi la wafanyakazi. Yeye hakuona kwamba nimenuna, maana alikuwa anatabasamu dirishani njia nzima. Mama anarudi. Hilo tu ndilo alilolisikia.

Alikaa na siri yake vizuri, namsifu. Alikuwa akisikiliza sauti za mtoto kwa utulivu mpya, anauliza maswali madogo, anacheka mahali pa kucheka. Halafu ikaja asubuhi ile. Alifungua simu, na kilichotoka kwanza kilikuwa kilio.

"Mum! Amerudi! Corazon amerudi! Amesimama tu pale langoni na sanduku, Mayumi ameangusha ndoo! Nilimwambia Tata atarudi, nilimwambia! Nimelia mpaka kichwa kinauma, usinicheke. Mum, amerudi!"

Nilidhani Shiru angesema "Mungu mkubwa" au angepiga vigelegele. Lakini nikaona uso wake unaingia wasiwasi, uso wa mzazi anayemwona mtoto akikimbilia barabara. Akabonyeza simu.

"Tiffany, mami, usimshangilie sana huyo. Huyo si mamake. Ni pacha. Usiumie, sawa? Mamake wa kweli yuko, atakuja baadaye."

Akaachilia kidole. Ikaenda.

"Shiru!" nilipiga ukelele. "Umefanya nini? Futa! Futa kabla hajafungua!"

Aligutuka kama aliyemwagiwa maji. Alibonyeza, akabonyeza tena, na ile sauti ikatoweka kwenye skrini. Tukashusha pumzi sote wawili. Kisha nikachukua simu kuhakikisha. Hapakuwa na yale maandishi yanayobaki ukifuta ujumbe. Palikuwa peupe.

"Shiru," nikasema polepole, "umefuta kwako tu. Kwake bado iko."

Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Hatukuwa na la kufanya ila kungoja, na hatukungoja sana. Yakaja maandishi, si sauti.

*Mwisho wa Corazon unajua.*

Kisha mstari wa pili.

*Wako hujui.*

Shiru alituma sauti za kuomba msamaha, zikapata alama za buluu na hazikujibiwa. Alipiga, simu ikaita mpaka ikachoka. Kazini alianza kusahau taulo, na vyumba viwili wageni walilalamika, na Shiru si mtu wa kulalamikiwa. Asubuhi zetu zikawa tulivu kama nilivyokuwa nikizitamani siku zote. Nilizichukia. Nilikuwa natamani mtoto yule anipigie kelele sikioni aniharibie wiki yangu yote.

Ijumaa nikafungua kipindi peke yangu, nikiwa tayari nimekasirika, maana nilijua kila kitu. Corazon wa bandia yuko langoni na sanduku lake. Mayumi anaangusha ndoo, anakimbia, anamkumbatia. Hapo ndipo nikaona kitu. Mwanamke yule, huku akimkumbatia mtoto, alikuwa anatazama juu ya bega lake, anaitazama nyumba, anayatazama mashamba nyuma yake, anayapima. Ilikuwa sekunde moja tu. Nisingejua, ningekuwa nalia nisione. Nilirudisha nyuma nikaiangalia tena, na tena. Sikumwambia Shiru, kwa sababu sikuwa tayari kumpa ushindi huo bure.

Ann ndiye aliyepiga simu kwanza. Alikuwa amepigia habari za sare ya shule, kisha akasema, "Na huyu mtoto wako mlimfanyia nini? Watoto wa jirani wamejaa hapa kila jioni kutazama. Wote wanalia na huyo Corazon, yeye anacheka. Nikimwuliza anacheka nini, ananiambia, 'Mimi na Mum tunajua kitu.' Nikimwuliza kitu gani, anasema si changu."

Shiru alimwomba arudie. Ann akarudia. Shiru akamwomba arudie tena, na Ann akasema, "Kwani wewe umekuwa kiziwi huko?"

Wiki hiyo hiyo sauti ya Tiffany ikaja. Tulikuwa jikoni sote. Sikuvaa visikizi wala sikuimba.

"Mum. Huyo pacha ni mjinga sana. Leo amempikia Mayumi supu, akampa tu hivyo. Na Corazon wa ukweli lazima angeonja chumvi kwanza, huwa anaonja na kijiko kidogo, si nilikuambia ile siku? Hakuna mtu hapa ameona. Hata Tata. Ni mimi tu. Mayumi naye hajaona, na nilitaka kumwambia, aki, lakini siwezi kumwambia." Alicheka kidogo, kisha tukasikia mlango unafungwa, na sauti ikashuka. "Nilikasirika, lakini sasa iko tamu. Ni kama natazama kipindi kingine. Sasa sikiza. Mwisho wa Corazon usiniambie zaidi ya hapo. Niambie wako. Mwisho tu. Ya katikati nitatazama mwenyewe."

Shiru alifuta macho kwa taulo ya jikoni, akavaa sare, na akawa wa kwanza kwenye basi. Fabian, msimamizi wetu, ni Mhindi wa Goa, si mtu mbaya, lakini ana neno lake "inshallah, tutaona" ambalo limezika likizo nyingi. Nilisimama mlangoni na mkokoteni wangu nikijifanya nahesabu sabuni.

"Sir, nataka likizo," Shiru akasema. "Nataka tarehe. Sitaki tutaona."

"Disemba haiwezekani," Fabian akajibu kabla hajainua macho. "Kila mwaka nyinyi Wakenya mnaniomba Disemba. Wote! Hoteli imejaa mpaka kwenye paa na nyinyi wote mnataka kwenda nyumbani siku moja!"

"Basi lini inawezekana?"

Fabian aliinua macho. Nadhani hakuwahi kuulizwa.

"Agosti," akasema. "Agosti ni joto, wageni wamekimbia, nusu ya vyumba vitupu. Hata mwezi mzima nakupa. Lakini hakuna Mkenya amewahi kuniomba Agosti."

Tulitazamana na Shiru, na sijui nani alianza kucheka. Ni kweli. Miaka yote hiyo tumekuwa tukigombania Disemba kwa sababu kwetu mtu anarudi nyumbani Krismasi, basi, kana kwamba miezi mingine barabara zimefungwa. Na Agosti shule nyumbani zimefungwa, mtoto yuko nyumbani mchana kutwa. Shiru alikubali hapo hapo. Alingoja mpaka tiketi ilipopatikana, maana aliapa kutomwahidi mtoto kitu cha hewani tena, kisha akabonyeza simu.

"Tiffany, mwisho ni huu. Nakuja Agosti, tarehe tisa, asubuhi. Tiketi ninayo, nakutumia picha."

Jibu lilikuja tukiwa bado hatujatoka jikoni.

"Ni wewe utakuja, ama ni pacha?"

Nikampiga Shiru kiwiko ajibu.

"Ni mimi," akasema.

"Tutaona," mtoto akajibu. "Nitakuwa na swali."

Wiki zilizobaki nilimcheka Shiru mpaka mbavu zikaniuma. Mwanamke asiyeweza kutazama hata katuni bila kujua mwisho alikuwa anatembea na swali ambalo hakuna Ate Maricel wa kumwuliza. "Mumbua, ataniuliza nini?" Anatandika kitanda, anasimama: "Ama ataniuliza jina la mwalimu wake? Silikumbuki!" Alimpigia Ann amchunguzie. Ann akakataa, akasema mtoto amemtisha. Siku ya safari tulimsindikiza mimi na Hadijah kwa metro mpaka uwanja wa ndege. Alikuwa amepaka mafuta, amesuka, ameshika roho mkononi. "Na nikishindwa?" akaniuliza. Nikamwambia steringi hafi, aende. Akaenda.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa kwenye basi kuelekea West Bay, jua tayari linachoma kioo, wakati simu ilipolia. Shiru alikuwa ametuma vitu viwili: video aliyoirekodi Ann, na sauti yake mwenyewe. Kwa mtu kama mimi jibu lilikuwa wazi. Unatazama video, unaona yote yakitokea kwa mpangilio wake, hakuna wa kukumwagia mtama. Lakini nikaanza kuwaza. Je, kama mtoto alimgeuzia mgongo? Je, kama kulikuwa na kilio kibaya? Nilibonyeza sauti kwanza. Ndiyo, mimi.

"Mumbua! Ameniuliza, 'Siku ya kwanza ya shule, ulinifunga kamba ya kiatu gani kwanza, cha kulia ama cha kushoto?' Karibu nizimie! Halafu nikakumbuka. Nikamwambia, 'Hakuna. Vilikuwa vile vya kubandika, na ulilia njia nzima ukitaka vya kamba.' Akageuka akamwambia Ann, 'Tata, ni yeye.'"

Basi nikafungua video nikiwa najua kila kitu. Nilimwona Shiru akitoka na mkokoteni wa mizigo, nikamwona Tiffany, mrefu kuliko nilivyodhani, akisimama mbele yake na kidevu juu. Niliegemea kiti nikatazama kwa starehe. Na kwa kuwa sikuwa nangoja kujua jibu, macho yangu yalikuwa na nafasi ya kuzurura, yakashuka chini, yakauona mkono wa kushoto wa mtoto. Ulikuwa umeshika mkono wa sweta ya mamake, umeukunja kwenye ngumi, tangu kabla hajauliza swali.